Daftari la Majani ya Kobe

Vita ya pili ya nchi yetu ilipoanza, mume wangu alikuwa Kinshasa kwa misheni ya siku kumi. Ndege zikakatika, simu zikakatika, nchi ikagawanyika vipande, na zile siku kumi zikawa miaka. Nilibaki Bukavu katika nyumba tuliyopanga, nyumba ya zamani ya wakati wa Wabelgiji iliyokaa juu ya mteremko, pamoja na vitu vyake: koti la mvua, redio ndogo na kobe.

Kobe huyo alimnunua barabara ya Kamituga, kwa watu waliomfunga kamba mguuni na kumuuza kama nyama. Alikuwa kobe wa msituni, gamba lake la rangi ya kahawa iliyokaangwa, na sehemu ya nyuma ya gamba ilikunjika kama mlango wenye bawaba. Akiogopa, anajifungia. Mume wangu alimfuga uani. Lakini mji ulipochukuliwa na waasi, uani kwetu pakawa njia ya kila mtu, wenye njaa na wenye bunduki, nami nikaona nisipomwingiza ndani, nitamkuta siku moja kwenye sufuria ya mtu.

Tulikuwa na chumba cha kuogea ambacho hakikuwa kimeona maji ya bomba kwa miezi mingi. Tulioga kwa ndoo. Beniwari, lile beseni refu la chuma lililopakwa rangi nyeupe, lilikaa bure. Nikatandaza kokoto chini ili maji yapate kutoka kwenye tundu, juu yake nikamwaga mchanga na udongo mweusi, nikalaza chungu kilichovunjika pembeni awe na mahali pa kujificha. Kisha nikaamua kupanda humo majani ambayo atajilia mwenyewe, ili siku tusizoweza kutoka, siku za ville morte, mji mzima ukijifungia kwa mgomo, na siku za risasi, asikae na njaa.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Nilikuwa mwalimu wa biolojia katika shule ya wasichana. Niliweza kuchora ua ubaoni na kutaja kila sehemu yake, lakini nini kinafaa kuliwa na kobe, na nini kitamwua, hakuna aliyenifundisha. Shuleni kulikuwa na kitabu kimoja cha mimea, cha Kifaransa, nusu ya kurasa zake zilikuwa zimechanwa na kufungiwa karanga. Nikakiazima. Nikatafuta daftari, kila ukurasa nikaupiga mstari katikati: kushoto majani ya kuliwa, kulia yenye sumu. Niliandika kwa Kifaransa, kama nilivyozoea kuandaa masomo.

Upande wa kulia ulijaa haraka. Ua wa miti uliotutenganisha na jirani wa chini ulikuwa wa mmea ule wenye utomvu mweupe unaochoma macho. Sumu. Maua meupe yanayoning'inia kama tarumbeta karibu na mlango wa jikoni, sumu. Laurier-rose ya getini, sumu kuliko yote. Majani ya muhogo nayo niliyaandika huko, kwa sababu sisi huyatwanga na kuyapika sana kabla ya kuyala, lakini kobe hana kinu wala sufuria. Nikaandika: feuilles de manioc, na pembeni yake, nisije nikasahau, nikaongeza jina letu la kila siku la kisamvu, sombe.

Upande wa kushoto ulijaa polepole. Lengalenga. Matembele ya viazi vitamu. Majani ya fraise, yaani stroberi, ambayo mama mmoja wa soko la Nyawera alinipa na mizizi yake. Jani lile pana linalolala chini kwenye njia za watu, ambalo kitabu kiliita plantain. Maua mekundu ya hibiscus. Kila mmea niliusugua mkononi kwanza, nikangoja siku nzima nione kama ngozi itawasha, nikavunja shina nitazame kama linatoa maziwa. Nilitembea kando ya njia nikiwa nimeinama, kikapu mkononi, nikichuma hiki na kuacha kile. Sikufikiria ninaonekanaje.

Ningepaswa kufikiria. Wakati ule mji mzima ulinong'ona habari za sumu. Mtu akifa ghafla, hawakuuliza aliugua nini, waliuliza alikula kwa nani. Katika bar hakuna aliyekunywa chupa iliyofunguliwa nyuma ya mgongo wake. Askari ndio walioogopa zaidi, kwa sababu walijua hatuwapendi. Nyumba ya chini, ng'ambo ya ule ua wa miti, mwenye nyumba alikuwa amekimbia, na ofisa mmoja wa waasi akaingia humo na walinzi wake na mpishi. Nilipoinama kwenye ua kuchunguza majani, mara nyingi nilimwona mpishi huyo amesimama na sufuria mkononi, ananitazama. Nilimsalimu. Aliitikia, lakini hakuondoa macho.

Kiangazi kilipokaribia, mama mkwe wangu alifika kutoka Walungu. Kijiji chao kilikuwa kimechomwa. Alikuja kwa miguu, na furushi moja na jembe lisilo na mpini. Nilimpa chumba kizuri, nikampa nguo. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyepoteza maneno. Siku ya pili alisimama kwenye mlango wa chumba cha kuogea, akamtazama kobe kwa muda mrefu.

"Ile nyama iko nafanya nini ku nyumba?"

"Si nyama, Mama. Ni ya mutoto wako. Aliniachia nimuchunge."

"Mutoto wangu hayuko. Bajukuu habako. Njo kobe iko."

Aliondoka. Mimi na mume wangu tulikuwa na miaka minne ya ndoa bila mtoto, na nilielewa vizuri alikotaka kufika. Tangu siku hiyo nilianza kumwangalia. Nilisikiliza nyayo zake. Nilihesabu mara anazopita karibu na chumba kile. Naye, nilikuja kujua, alinihesabu mimi.

Kiangazi kilipokolea, baridi ya Juni ikashuka mjini, na kobe akaacha kula. Alijifungia ndani ya chungu. Nikamwekea lengalenga mbele ya pua, asubuhi nikayakuta yamenyauka pale pale. Siku nne, siku tano. Nikaanza kupekua udongo wa beniwari, na kwenye kona nikakuta mmea ambao sikuupanda mimi. Ulikuwa mdogo, wa kutambaa, shina jekundu, majani manene ya kuteleza. Nikauvunja: haukutoa maziwa. Nikaunusa: haukunuka. Nikafungua kitabu ukurasa kwa ukurasa, haumo.

Nilimkuta mama mkwe jikoni akichambua maharagwe.

"Mama, nani alipanda ile majani mu beniwari?"

"Ni miye."

"Ni majani gani?"

"Ni mboga ya njaa. Vita ya kwanza, mu pori, tulikula hiyo tu."

"Haiko mu kitabu."

Aliinua macho. "Ile kitabu ilisha lala njaa?"

Nilirudi nikaung'oa mmea ule na kuutupa nje. Kesho yake niliukuta tena kwenye kona ile ile, umepandwa upya, umemwagiliwa. Damu ikanipanda kichwani. Nilijiambia: mwanamke huyu anataka kumwua kobe wa mtoto wake mwenyewe, halafu aseme mkosi ulioninyima watoto umetoka nyumbani. Sikuung'oa mara ya pili. Nilitaka ubaki kama ushahidi, nimwonyeshe mume wangu atakaporudi. Nilifunga mlango kwa ufunguo, ufunguo nikauvaa shingoni kwa kamba.

Jioni ile alikataa sombe niliyompikia. Alisema tumbo limejaa. Siku iliyofuata alijipikia mwenyewe, kwenye sufuria yake, akala amegeukia ukuta. Tukawa wanawake wawili katika nyumba moja, meko mawili, chumvi mbili. Tulisali pamoja misa ya Jumapili, bega kwa bega, na kurudi nyumbani tukifuatana bila neno.

Nilipotaka kuandika kitu kwenye daftari siku moja, niliona ukurasa umechanwa. Nilidhani ni mimi mwenyewe niliyeuchana nikasahau. Kwa kweli sikudhani hivyo. Nilijua ni yeye, ila sikujua anaitakia nini karatasi ambayo hawezi kuisoma, na hilo ndilo lililonitisha.

Walikuja mchana, baada ya shule. Askari watatu, na nyuma yao ofisa wa nyumba ya chini, mwenyewe, amevaa pulova nene. Nilikuwa nimesikia kwamba aliugua tumbo wiki nzima. Sasa niliona ni kweli: uso umebonyea, macho ya njano. Mkononi alikuwa na ukurasa wangu.

"Nani aliandika hii?"

"Ni mimi, komanda."

"Umesoma?"

"Mimi ni mwalimu."

"Vizuri. Basi nisomee."

Nilisoma. Alinisikiliza huku akifuata kwa kidole, kwa hiyo alijua Kifaransa. Nilipofika kwenye laurier-rose alinisimamisha.

"Hii inaua mtu?"

"Inaweza."

"Na wewe uliiandika ya nini?"

Nikamwambia habari za kobe. Askari mmoja alicheka. Ofisa hakucheka. Alisema wamemweleza kwamba ninachuma majani kwenye ua wake kila siku, kwamba nina bustani ya sumu iliyofungwa kwa ufunguo, na kwamba ufunguo nalala nao. Akanyoosha mkono. Nilivua kamba shingoni, nikampa.

Chumba kilikuwa kidogo. Tuliingia mimi, yeye na askari mmoja, wengine wakabaki mlangoni pamoja na mama mkwe wangu. Ofisa alitazama beniwari lililojaa kijani, akatazama chungu, akaona ncha ya gamba. Kisha akavunja kijiti kwenye ufagio na kukielekeza kwenye lengalenga.

"Hii, upande gani?"

"Kushoto. Ya kuliwa."

"Kula."

Nilichuma jani, nikala bichi. Akaonyesha matembele. Nikala. Akaonyesha jani la fraise, ambalo lina nywele na linakwaruza koo. Nikala. Kila mara alitazama karatasi kwanza, halafu mdomo wangu, akangoja nimeze. Ile plantain ilikuwa ngumu kama kamba. Nilitafuna, na akili yangu ilikuwa imeshatangulia kwenye kona, kwa sababu niliona kijiti kinakokwenda.

"Hii haimo kwenye karatasi," alisema. "Upande gani?"

Kama ningesema kushoto, ningekula. Kama ningesema kulia, nimekubali kwamba ninapanda sumu. Kama ningesema sijui, nani angeniamini? Niligeuka, nikamtazama mama mkwe wangu mlangoni. Niseme ukweli: katika dakika ile niliamini kwamba aliupanda mmea ule kwa ajili yangu, wala si kwa ajili ya kobe, na kwamba alikuwa ameingoja siku hii.

Alimsukuma askari kando kama anavyosukuma mbuzi. Akaingia, akapiga magoti kwenye beniwari, akang'oa konzi nzima, shina na mizizi na udongo, akaitia mdomoni.

"Hii ni yangu," alisema akitafuna. "Miye njo niliipanda. Uyu hajue kitu."

Ofisa alimtazama, kisha akanielekezea kijiti.

"Na wewe."

Nilichuma jani moja kati ya yaliyobaki, nikala. Lilikuwa chachu kidogo, lenye kuteleza, na sijawahi kukichunguza kitu ulimini kwa makini hivyo.

Hakutosheka. Alisema sumu nyingine huchelewa. Akatukalisha sakafuni sebuleni, yeye akaketi kwenye kiti cha mume wangu, akawasha redio ya mume wangu, na tukangoja. Tuliketi mpaka jua likaingia kwenye dirisha la upande wa magharibi. Mama mkwe alikuwa amekaa karibu nami, miguu ameinyoosha. Muziki ulipopanda sauti, alinong'ona bila kugeuka.

"Ile karatasi ni miye niliipeleka."

"Kwa nani?"

"Kwa ule maman wa nyumba ya bulu." Nilimjua. Alikuwa jirani yetu wa juu, mwenye nyumba ya rangi ya bluu, karani wa parokia, mwenye kusoma Kifaransa vizuri. "Nilimuomba anisomee tu. Akasema, hii upande yote ni sumu. Akaniuliza, muke wa mutoto wako anataka kuua nani? Sikumujibu. Siku ya tatu, mupishi wa uyu anajua yote."

"Juu ya nini uliipeleka, Mama?"

Alikunja miguu. Kisha akasema: "Juu ya sombe. Siyui Kifaransa, lakini sombe naweza kuisoma. Niliona umeiandika mu mustari moja na bile bingine. Na ile siku ulinipikia sombe."

Nilijifunika uso kwa kitenge. Sijui kama nilicheka au nililia, mabega yalitikisika tu, na askari mmoja akasogea haraka akifikiri sumu imeanza. Nilimweleza mama mkwe, kwa kunong'ona, maneno yakigongana, kwamba ni mbichi ndiyo inayodhuru, ni kwa kobe, hana wa kumtwangia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeliniuliza," alisema. "Sombe mbichi, hata mbuzi yetu ilisha kufa nayo. Tunajua."

"Na weye ungeliniuliza."

"Ndiyo," alisema. "Na miye."

Jua lilipokaribia kuzama ofisa alisimama. Alitutazama kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Alichukua daftari zima, akalitia ndani ya pulova. Yule askari aliyecheka aliingia chumba cha kuogea, akatoka amemshika kobe kwa mikono miwili, gamba limejifunga.

"Afande, huyu ni nyama nzuri."

"Mwache," ofisa alisema. "Hujui ameshiba nini."

Askari akamweka chini haraka, akajipangusa mikono kwenye suruali. Wakaondoka.

Ningependa kuandika kwamba tangu siku ile mimi na mama mkwe tukawa kama mama na binti. Haikuwa hivyo. Tulirudi kwenye sufuria moja, hilo ndilo lililobadilika kwanza. Lakini nilibaki na hasira, kwa sababu ulimi wake ulikuwa karibu kunipeleka shimoni. Naye alibaki na aibu, na aibu yake ilikuwa kali kuliko maneno. Wiki kadhaa alikuwa akiamka kabla yangu, akimwagilia beniwari, na nikiingia anatoka.

Mvua za Septemba zilipoanza kupiga mabati, kobe alitoka ndani ya chungu. Alizunguka beniwari mara mbili, akala lengalenga, akala konokono aliyekuja na udongo, na akafika kwenye kona akaanza kunyofoa majani ya ile mboga ya njaa. Nilimwita mama mkwe aje aone. Aliegemea mlango.

"Alikuwa anangojea mvua," alisema. "Hakuna mutu alimufanyia kitu."

Nilisimama pale nikikumbuka siku zote za kiangazi nilizomhukumu, na nikasema nisamehe, Mama. Sijui kama alisikia, mvua ilikuwa kubwa. Alisema nimletee maji ya kunawa.

Alirudi Walungu barabara ilipotulia kidogo, kwenda kuona kama shamba lingali lake. Nilimsindikiza mpaka kituo cha magari na kumfungia mbegu za lengalenga kwenye kitambaa. Mume wangu alirejea mwishoni kabisa, nchi ilipounganishwa, amekonda, mvi kichwani. Kobe alikuwa hai. Mume wangu na mama yake hawajapata kuzungumza mbele yangu kuhusu mchana ule, na mimi nilimweleza nusu tu.

Ila bado kuna yule mwanamke wa nyumba ya bulu. Ofisa alikuwa amehamishwa na nyumba ya chini imekaa tupu, vita ikiwa bado haijaisha, alipobisha hodi kwangu Jumapili moja baada ya misa. Tulikuwa tumesalimiana kanisani muda wote huo, mkono kwa mkono, amani iwe nawe, na kila mara nilijipangusa kiganja kwenye sketi. Alisimama kizingitini na kitenge cha sikukuu. Alisema dende wake wanakufa, wale wanyama wadogo wasio na mkia ambao nusu ya Bukavu tunafuga chini ya meko. Watatu walikuwa wamekufa wiki ile. Alidhani ni majani anayowapa.

"Banasema weye unajua ile ya sumu na ile ya kula," alisema.

Nilimchunguza uso. Nilitafuta ni nani aliyemtuma, na karatasi gani ataipeleka kwa nani safari hii. Alikuwa na macho mekundu, na vidoleni alishika jani moja lililonyauka, amelileta ili nilitazame. Lilikuwa limechumwa kwenye ule ua wa maziwa meupe.

Nilifikiri kufunga mlango. Nilifikiri kumwambia sijui lolote.

"Hii usibape tena," nilimwambia. "Nawa mikono kwanza, usijiguse macho. Halafu twende, nitakuonyesha."

Nilichukua kikapu. Tukatoka pamoja tukafuata njia ya mteremko, mimi mbele, yeye nyuma, nikiinama kumwonyesha lengalenga za kando ya mtaro, na kila nilipoinama nilihakikisha mpita njia anaona vizuri ninachochuma.